Mwalimu Hufunza Jinsi Alivyofunzwa

Wahenga walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Aliyebebwa mgongoni huiona njia kwa kumfuata anayembeba, na siku atakapoteremshwa, aghalabu atapita palepale. Methali hii, mpenzi msomaji, yawahusu walimu sawa na inavyowahusu akina mama.

Hebu tuwatazame vijana walio katika vyuo vya ualimu vya Meru na Egoji, na wenzao wa Kigari kule Embu. Hao ndio watakaokabidhiwa watoto wetu. Wengi wao walisomea mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Walizoea mwalimu aseme nao wanakili. Lakini darasa linalowangoja lafuata mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ambamo mtoto anatakiwa atende, aulize na ashirikiane na wenzake. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya umilisi saba wa kimsingi. Kwa ufupi, vijana hawa wanaambiwa wapike chakula ambacho wao wenyewe hawakukionja utotoni.

Mwaka wa 1975 msomi wa Marekani, Dan Lortie, alikadiria kwamba mwanafunzi wa huko anapomaliza shule ya sekondari huwa ameketi mbele ya walimu kwa saa zipatazo 13,000. Saa zote hizo alikuwa akijifunza ualimu bila kujua. Miaka michache ya chuo itawezaje kuyafuta mazoea hayo?

Haitaweza iwapo chuo chenyewe kitayaendeleza. Mkufunzi akisimama saa nzima akisoma maandishi yake kuhusu ubora wa kuwashirikisha watoto, huku wanagenzi wameinamisha vichwa wakinakili, somo watakaloondoka nalo ni kunakili. Mkufunzi anayetaka wanagenzi wafundishe kwa vikundi hana budi kuwafundisha wao kwa vikundi. Anayewataka watumie projekta aitumie mbele yao, na umeme ukikatika wamwone akiendelea na somo bila kubabaika. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, lakini ni lazima kwanza amwone baba yake akisana.

Hapo ndipo teknolojia huwa na faida ambayo wengi hawaifikirii. Tangu miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walimu wanafunzi walipigwa picha za video wakifundisha somo fupi la dakika chache, kisha wakajitazama. Siku hizi simu moja ya mkononi yatosha. Mwanagenzi atajiona akiuliza swali na kulijibu mwenyewe. Atajiona akizungumza na ubao badala ya watoto, au akiwachagua wale wa safu ya mbele tu. Hakuna mkufunzi anayeweza kumkosoa kwa uwazi kama huo, wala kwa upole kama huo.

Nasi twafahamu jinsi vifaa visivyo na mafunzo vinavyoishia. Serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka wa 2013. Vishikwambi vilianza kufika shuleni mwaka wa 2016, na hatimaye zaidi ya shule 20,000 zikapata. Baadhi vilitumika vyema. Vingine vilifungiwa kabatini vikala vumbi, kwani mwalimu aliogopa vivunjike, au hakuwahi kumwona mtu akivitumia katika somo.

Kutumia si kuonyesha picha ya ukurasa wa kitabu. Huo ni ubao ule ule, ila una umeme. Lakini watoto wakipanda maharagwe katika kopo, wakayapiga picha kila asubuhi kwa kishikwambi, na baada ya wiki mbili wakapanga picha hizo na kueleza mmea ulivyokua, hapo kifaa kimefanya kazi ambayo chaki haiwezi. Nayo maharagwe, iwe Nkubu au Runyenjes, hayakosekani.

Mfano mwingine tunao hapa nyumbani. Mradi wa Tusome, ulioanza kutekelezwa katika shule za msingi za nchi nzima mwaka wa 2015, uliwapa maafisa wa elimu vishikwambi. Afisa aliingia darasani, akamtazama mwalimu akifunza kusoma, kisha wakajadiliana. Katika masomo hayo mwalimu husoma kwanza watoto wakimsikiliza, halafu wanasoma pamoja, ndipo mtoto anaposoma peke yake. Jinsi hiyo ndiyo ingefaa kumlea mwalimu pia.

Kwa hivyo, mzazi, wanagenzi wanapofika katika shule ya kijijini kwako kwa mazoezi ya kufundisha, usilalamike kwamba mwanao anafanyiwa majaribio. Uliza jambo lililo zito zaidi: mwalimu mwenye darasa yuko wapi? Kuna wanaofurahia kwamba wamepata likizo, wakamwachia kijana chaki na watoto hamsini. Mahali pa mwalimu huyo ni nyuma ya darasa, akiwa na daftari. Yafaa pia afundishe vipindi vichache kijana akitazama.

Uliza pia vishikwambi viko wapi, na ni lini vilitolewa kabatini mara ya mwisho. Katika mkutano wa wazazi swali hilo lina uzito sawa na lile la karo, kwani kijana anayejifunza kazi leo mbele ya mwanao ataifanya kwa miaka thelathini au zaidi, na yamkini atawafundisha wajukuu wako.