Adapta Haipunguzi Volti

Kazi yangu hapa Machakos ni kuandika programu, lakini majirani huniletea hata blenda na pasi walizotumiwa na jamaa walioko Marekani. Jamani, someni kibandiko kabla ya kuchomeka! Stima yetu ni volti 240, yao 120. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Pasi ya volti 120 ukiichomeka ukutani huvuta nguvu mara nne ya kawaida: itaungua, pengine na nyumba. Chaja ya laptopu iliyoandikwa 100-240V haina neno. Transfoma ya kushusha volti ipo, ila inayotosha pasi ni nzito na ghali. Kwa maoni yangu, afadhali jamaa atume pesa, ununue hapa hapa. Mwaonaje?