NYUMBA SALAMA: Kata umeme kwanza, ndipo uguse

Mwezi huu tunazungumzia televisheni. Tunajua wengine watacheka na kusema, "Televisheni kambini? Ya nani?" Lakini tuhesabu pamoja. Kuna familia zilizopata paneli ya jua na betri. Kuna vibanda vya kuonyesha mpira na filamu. Na kuna ndugu zetu waliohamia Bujumbura, ambako umeme unafika mpaka chumbani. Watoto wetu wanaingia humo kote.

Tuanze na kisa cha familia moja tuliyoishi nayo hapa kambini. Majina tunayaacha. Baba alipata kazi ya zamu Rohero, katikati ya mji wa Bujumbura, kwenye maofisi na nyumba kubwa zenye uzio. Yeye na familia yake walipewa vyumba viwili vya nyuma, kule uani. Vyumba vile havikuwa na umeme. Baba akaomba, mwenye nyumba akakubali, wakavuta waya kutoka nyumba kubwa. Ilipita juu ya uwanja, ikaingia dirishani kati ya nondo, ikafika kwenye televisheni ya mtumba waliyonunua. Pale waya ilipokuwa fupi waliunga nyingine, wakafunga na plastiki. Siku ya kwanza ilikuwa kama sikukuu, majirani wote walikuja kuangalia.

Miezi ikapita. Kila asubuhi dirisha linafunguliwa, kila jioni linafungwa, na kila mara chuma cha dirisha kinaisugua ile waya. Ngozi ya waya ikaisha kidogo kidogo, hakuna aliyeona. Jioni moja ya mvua picha ikaanza kukatika. Mtoto wao wa miaka 8, miguu peku, sakafu imelowa, akaenda kuzungusha antena. Mkono mmoja akashika nondo ya dirisha. Umeme ukamshika. Hakulia wala kuita. Alibaki amekaza mkono, mwili unatetemeka. Mama akainuka mbio amvute.

Dada yake wa miaka 13 akapiga kelele: "Mama, usimguse!" Akakimbia mpaka nyumba kubwa, akashusha swichi kuu. Mtoto akaanguka chini, ndipo akalia. Yuko hai mpaka leo, ana kovu kwenye kiganja. Tulipomuuliza binti alijuaje swichi iko wapi, alijibu: "Si mimi ndo natumwa kuingiza namba za Cash Power umeme ukiisha? Swichi iko pale pembeni."

Ndugu wasomaji, kama mama angemshika mtoto kwa mikono yake, umeme ungepita kwake pia. Pengine familia ile ingelia watu wawili usiku mmoja.

Kwa nini umeme haukujikata wenyewe?

Wengi wanasema, "Sisi tuna fyuzi, hakuna shida." Hapo ndipo tunapokosea. Umeme wa majumbani Bujumbura ni wa volti 220. Televisheni ndogo ya wati 60 inatumia karibu miliampea 270. Mtu naye, miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuzuia pumzi au kuvuruga mapigo ya moyo. Sasa fyuzi ya ampea 10 haikati mpaka umeme uzidi miliampea 10,000. Yaani mtoto anakufa, fyuzi haijaona kitu. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya zisiungue. Kulinda mtu si kazi yake.

Swichi inayomlinda mtu inaitwa diferensieli. Ile ya miliampea 30 inahisi umeme uliopotea njia na inakata mara moja, kabla moyo haujaharibika. Utaitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kila mwezi bonyeza kitufe hicho. Ikijizima, ni nzima. Isipojizima, mwite fundi. Ukiwa unapanga nyumba mjini, uliza: diferensieli ipo? Usione haya kuuliza, maana kodi unalipa wewe.

Angalia prizi pia. Prizi nyingi za huko zina kidole cha chuma kinachotokeza katikati. Hicho ndicho njia ya ardhi: umeme ukivuja kwenye chombo cha chuma, unapita pale badala ya kupita kwa mtu. Wengine wanakivunja ili plagi ya aina nyingine iingie. Usikivunje. Na kama kipo lakini nyuma yake hakuna waya iliyoshuka ardhini, ni pambo tu. Fundi ndiye wa kupima.

Ralonji moja, vyombo vitano

Hatari ya pili ni moto. Televisheni haili umeme mwingi. Shida inakuja pale ralonji hiyohiyo ya televisheni inapochomekwa pasi ya wati 1,000, kisha jiko la umeme la wati 2,000. Jiko hilo peke yake linavuta ampea 9. Waya nyembamba haiwezi, inapata joto, ngozi yake inalainika, waya mbili zinagusana: shoti. Ralonji iliyokunjwa kama nyoka chini ya zulia au nyuma ya godoro inapata joto zaidi, maana joto halina pa kutokea. Gusa plagi yako usiku wa leo. Ikiwa ya moto, imekwisha kukuonya.

Tusidhani moto wa mjini unazimika kirahisi. Soko kuu la Bujumbura, hapohapo Rohero, liliungua Jumapili tarehe 27 Januari 2013. Hata msaada wa helikopta kutoka Rwanda haukuliokoa, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali yote. Na tarehe 7 Desemba 2021 moto uliwaka kwenye gereza la Gitega. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa watu 38 waliokufa, na wizara ya mambo ya ndani ilisema chanzo ni shoti ya umeme. Watu wamelala, mlango ni mmoja: hata kwetu kambini nyumba nyingi ziko hivyo.

"Lakini sisi tuna sola tu"

Ni kweli, betri ya volti 12 haikushiki kama umeme wa Rohero. Lakini ukiweka kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 220, hatari ni ileile. Na betri yenyewe, ukiangusha kisu au spana juu ya vichwa vyake viwili, inatoa cheche na chuma kinawaka. Weka fyuzi karibu na betri, ifunike, iwe mahali penye hewa, mbali na moto wa kupikia na mahali wanapolala watoto.

Mambo ya kushika

- Televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa usiifungue kamwe. Kioo chake kinatunza umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Vijana, kujifunza ufundi ni kuzuri, lakini jifunzeni kwa fundi, si kwa bisibisi ya jikoni.
- Usiweke kikombe cha chai, chombo cha maua wala taa ya mafuta juu ya televisheni. Usizibe matundu yake ya nyuma kwa kitambaa.
- Mvua ya radi ikikaribia, chomoa plagi ya televisheni na waya ya antena, zote mbili. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Stabilizateri nayo haizuii radi.
- Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke, maana mara nyingine unarudi na nguvu inayounguza vyombo.
- Usipande juu ya bati kurekebisha antena karibu na nyaya za umeme za barabarani, wala siku ya mvua.
- Shika plagi yenyewe unapochomoa, usivute waya. Mikono iwe mikavu, miguuni kandambili.
- Waya isipite kwenye nondo, mlangoni wala juu ya bati. Ikiwa haina budi kupita ukutani, fundi aipitishe ndani ya bomba la plastiki.

Mtu akishikwa na umeme

Kwanza, kata umeme kwenye swichi kuu. Kama huwezi kuifikia, chomoa plagi, ikiwa ni kavu na iko mbali na mtu. Hata hapo ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, sukuma waya kwa mti mkavu. Usitumie chuma wala kitu kilicholowa, na usimguse kwa mkono. Akishaachiwa, angalia anapumua? Kama hapumui, mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anatafuta msaada. Usichoke upesi. Kama ameungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na majivu hapana. Hata akisema "niko sawa," apelekwe kwa daktari, maana moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Televisheni ikiwaka moto, usimwage maji. Kata umeme, mwagia mchanga mkavu au ifunike kwa blanketi zito ukiwa upande wa pembeni, si mbele ya kioo. Moto ukikuzidi, toa watoto na uache vitu. Televisheni inanunuliwa tena.

Zoezi la mwezi

Tumezoea kumfundisha mtoto jina lake, jina la baba na namba ya nyumba, ili akipotea arudishwe. Mwezi huu tumwongezee jambo moja. Kila familia yenye umeme, wa waya au wa jua, iwakusanye watoto wote jioni moja. Waonyeshwe kwa kidole: umeme wetu unakatiwa hapa. Kila mmoja akate mwenyewe mara moja, hata yule mdogo kwa kusimama juu ya kiti. Na wote warudie, mama na baba pia, maana sisi wakubwa ndio tunaokimbilia kushika kwa sababu ya huruma: Kata kwanza, ndipo uguse.

Binti wa Rohero hakusoma ufundi. Alijua swichi iko wapi, basi.