Mapipa Matupu ya Viwandani

Wakulima wenzangu, juzi mzee mmoja wa skimu yetu alileta pipa la plastiki la buluu hapa Ofisi ya Kilimo, akiuliza kama lafaa kuwekea maji ya ng'ombe. Alilinunua sokoni. Karatasi ya maandishi ilikuwa imekwanguliwa, ikabaki pembe moja tu yenye picha ya fuvu la kichwa. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani, na desturi ya kusoma kila kipande cha karatasi haijaniacha. Nilimwomba asilitumie. Akasema, "Mwalimu, nimeliosha mara tatu kwa sabuni." Lakini plastiki hunyonya sumu, kisha huitoa majini polepole.

Sasa kuna mapendekezo ya kubadilisha kanuni za Serikali juu ya kemikali za viwandani zenye sumu. Wengi wetu hudhani hiyo ni habari ya watu wa Nairobi na Mombasa. Sivyo. Sheria ya Mazingira ya 1999 imeruhusu kanuni juu ya vyombo vya kemikali hizo, maandishi yake, na jinsi ya kuzitupa. Na sumu haikai ndani ya ua wa kiwanda. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru majirani kwa madini ya risasi, watoto pia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, nao wakaendelea na kesi hata Desemba 2024.

Maoni yangu ni haya: alama ya sumu ipigwe katika pipa lenyewe, na maneno yawe ya Kiswahili, yasiweze kubanduliwa. Tena kiwanda kikimaliza kemikali, kilazimishwe kulitoboa pipa au kulirudisha kwa aliyeiuza. Wako wasemao yatosha kumfundisha mkulima asinunue. Kufundisha ni kazi niliyoifanya na naipenda, lakini nani atasoma karatasi iliyokwisha kutolewa? Na pipa jipya ni ghali, hilo sibishani na mtu.

Sheria ya 2013 juu ya utungaji wa kanuni yataka watakaoguswa waulizwe kwanza. Basi vyama vyetu vya ushirika viandike barua mapema, kabla kanuni hazijapigwa chapa.

Lile pipa lingali nyuma ya ofisi yetu, limefungwa kamba, maana hata sisi hatujaambiwa tulipeleke wapi.