Bakora Yenye Kisu Ndani: Zawadi Gani Hiyo?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naongeza: au ki ndani ya bakora yako!

Muhula huu bweni letu limekuwa na ubishi mkali kuhusu bakora. Si ile ya kuchapia, maana hiyo ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, bali bakora ya kutembelea iliyofichwa upanga mwembamba ndani yake. Mwenzetu mmoja, fundi hodari wa kuchonga, anataka kumtengenezea babu yake moja likizo ijayo. Wengi wamemshangilia. Mimi nasema hivi: bakora achonge, lakini kisu akiache jikoni.

Kwanza tumpe haki yake. Kuchonga bakora si mchezo. Katika nyanda hizi zetu za juu upo mzeituni wa mwituni, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo na Wakalenjin emitiot. Mti wake ni mzito na mgumu ajabu. (Asiukate msitu wa serikali bila ruhusa, tafadhali!) Fimbo hukaushwa kivulini polepole, kwa sababu jua kali huipasua. Palipopinda hupashwa moto na kunyooshwa. Kisha hukwanguliwa kwa kipande cha kioo, hupigwa msasa na kupakwa mafuta hadi ing'ae. Urefu wake ni kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko cha kiganja, mzee akiwa amesimama wima na mkono umening'inia. Hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Sasa tazameni upanga unavyoiharibu kazi hiyo. Ili upanga uingie, fimbo lazima itobolewe iwe kama bomba, tena ikatwe karibu na kishikio ili uweze kuchomolewa. Hebu fikirini: hapo penye kiungo ndipo uzito wote wa mzee unapolalia! Siku atakapoteleza kwenye matope ya Molo, bakora itaachana vipande viwili, na babu atabaki chini ameshika chuma kitupu. Je, huo ni msaada au mtego?

Wapinzani wangu watadai eti wakora wamezidi, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, wezi wapo. Lakini mwizi hamngojei mzee wa miaka sabini achomoe upanga kwa mikono inayotetemeka. Atampokonya, na silaha itageuka kumla mwenyewe. Mbwa mkali akitokea, fimbo nzima ya mzeituni inatosha kabisa.

Lakini hoja yangu kubwa ni heshima. Kwetu fimbo ya mzee ni ulimi wa pili. Mzee wa Kikuyu ana muthigi wake, na Mmaasai ana rungu lake, orinka. Hata Rais Moi alijulikana kote duniani kwa rungu lake, na siku ya mazishi yake kule Kabarak, tarehe 12 Februari 2020, rungu lilikabidhiwa mwanawe Gideon mbele ya umati. Mbele ya umati, jamani! Hata simi ya Mmaasai hukaa kiunoni ndani ya ala yake, kila mtu akaiona. Kilichofichwa ndani ya fimbo hakina heshima hiyo. Kinamdanganya jirani anayekupa mkono.

Na sisi wa Nakuru tunajua gharama ya jirani kumwogopa jirani. Tulisikia kwa wazazi habari za Molo mwaka wa 1992 na za Njoro mwaka wa 1998. Mwishoni mwa Januari 2008 moto ukafika Nakuru mjini na Naivasha, na katika ghasia zile zilizofuata uchaguzi wa 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Wazee ndio waliorudi kuketi pamoja na kutafuta amani, kila mmoja na fimbo yake. Je, wangeketi vipi kama kila fimbo ingeshukiwa kuwa na upanga? Bakora moja ya uongo huzitia doa bakora zote za kweli.

Sheria nayo haicheki. Hapa Kenya ni kosa kwenda na silaha ya kudhuru katika mkutano wa hadhara bila ruhusa, na babu hatakosa kwenda barazani na bakora yake. Huko Uingereza mabwana wakubwa walizipenda sana bakora za upanga katika karne ya 18 na ya 19, baada ya kuacha kuvaa panga viunoni. Lakini hata wao, tangu mwaka wa 1988, wamepiga marufuku kuziunda na kuziuza, isipokuwa zile kuukuu za zaidi ya miaka 100.

Kwa hivyo, ndugu fundi, usivunjike moyo. Kipaji unacho. Mchongee babu kishikio kinachoenea kiganjani mwake, kizungushie waya wa shaba, chora jina lake, na chini utie kofia ya mpira ili asiteleze. Akiulizwa ndani mna nini, ajibu bila kupepesa macho: mna mti tu.