Likizo ya Mama Watoto

Wanachama wenzetu, twaona vema kuwakumbusha jambo moja juu ya likizo. Wengi wetu tupatapo siku zetu huwapeleka jamaa kwa ndugu, na huko mama watoto huamkia jikoni vile vile kama nyumbani. Hiyo ni likizo ya nani?

Kwa nini tusiende nao Kilwa? Tangu mwaka 2003 liko daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, ambapo zamani magari yalingoja kivuko. Toka Kilwa Masoko mashua huvuka upesi hata Kilwa Kisiwani. Huko upo Msikiti Mkuu wenye kuba za mawe ya matumbawe, na Husuni Kubwa juu ya jabali lielekealo bahari. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji huo. Wageni hulipa nauli za mbali ili wauone, na watoto wetu huusoma vitabuni tu!

Gharama ipo, hatukatai. Basi na tuweke akiba kila mwezi, wala tusikope. Na samaki wa huko tutawapaa na kuwapika sisi waume, mama watoto naye akae penye upepo.