Kompyuta ya marehemu: itengenezwe ao iachwe?

Kwa mafundi wa simu na redio hapa Kalemie kuna mzigo mmoja ambao fundi huupokea kwa kusitasita: kompyuta ya zamani, kioo kimepasuka, mwenyewe ameishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Fundi anataja bei. Mwenyewe ananyamaza. Mara nyingi bei hiyo inakaribia ya kununua nyingine iliyokwisha kutumika, na kwa familia ya wahami ni unga wa siku nyingi.

Wapo wanaosema haraka: ni chombo tu, tupa. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia. Aliyetoka Uvira kwa boti, ao aliyeacha kijiji chake upande wa Nyunzi wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba mwaka 2016 na 2017, hakubeba albamu. Picha za arusi, sauti ya baba anayecheka, diploma iliyopigwa picha kabla karatasi yenyewe haijaungua: kama vimebaki, vimebaki humo. Na mwalimu asiye na nakala ya diploma atajikuta anabeba magunia bandarini.

Lakini watu wengi wanachanganya kompyuta na kilicho ndani yake, na kosa hilo linawala pesa. Kioo, chaja na betri vinaweza kufa vyote na picha zikabaki nzima. Katika mashine nyingi za zamani zinakaa kwenye diski, kipande kidogo kinachotoka kwa kufungua skrubu chache. Fundi anaiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, ananakili kwenye flashi, kazi imekwisha. Basi swali la kwanza lisiwe “itawaka?” Liwe “diski ni nzima?”

Hapo subira inahitajika. Diski inayogongagonga isiwashwe tena na tena, kila jaribio linaweza kuiharibu zaidi. Mashine iliyoingia maji, kama ilivyotokea kando ya ziwa maji yalipopanda 2024, isichomekwe kwenye umeme “kujaribu tu”. Betri iliyovimba isitobolewe, wala isilazwe ndani ya hema lenye watoto. Inaweza kuwaka moto. (Ajabu ni kwamba lithiamu inayotiwa katika betri za namna hiyo imejaa Manono, humu humu jimboni, na mwananchi wa Kalemie anatafuta betri iliyochoka ya mwingine.)

Kama pesa ni kidogo, ilipiwe nakala kwanza, na mwenyewe akae hapo hapo mpaka mwisho. Vitambulisho na picha za familia si vitu vya kulaza dukani. Flashi moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mbali. Mashine yenyewe itengenezwe kama ugonjwa ni chaja ao betri, na kama kuna mtu atakayeifanyia kazi. Ikiwa kadi kubwa ya ndani imeungua, fundi mkweli atasema hapana, na aheshimiwe kwa hilo.

Anabaki mjane ambaye, hata nakala zikishatoka, bado anaitaka mashine. Herufi A imefutika kwa kidole cha mume wake. Asichekwe. Arudi nayo ikiwa imekufa hivyo hivyo, betri imetolewa, imefungwa ndani ya kitenge. Kuitunza hakumgharimu hata franga moja.