Barua za Uhamishoni Nazo ni Fasihi

Aghalabu wahakiki huzitazama barua za mwandishi kama dirisha la kuchungulia maisha yake. Wakishapata tarehe na majina waliyoyatafuta, huzifunga na kurejea kwenye riwaya. Mtazamo huo una kasoro, na kasoro yenyewe hudhihirika zaidi pale mwandishi anapokuwa mkimbizi wa kisiasa.

Chukua mfano wa Bessie Head. Alitoka Afrika Kusini mwaka 1964 kwa kibali kisichomruhusu kurudi, akahamia Botswana, na hakupewa uraia huko hadi 1979. Kwa miaka mingi alilazimika kuripoti polisi kila wiki. Kwa mtu wa hali hiyo, kijijini Serowe, barua ndiyo iliyokuwa baraza lake. Zile alizomwandikia Randolph Vigne, Mwafrika Kusini mwenzake aliyekimbilia London, zilianza 1965 zikakoma 1979. Bustani, ukata, malezi ya mwana, hasira na miswada vimo humo kwa pamoja, hata msomaji asiweze kuonyesha mahali maisha yanapoishia na sanaa inapoanzia. Isitoshe, Bessie alikuwa na mazoea ya kujiwekea nakala za kaboni, nazo leo ni sehemu ya hazina ya Makumbusho ya Khama III mjini humo. Asiyezithamini barua zake hahangaiki na karatasi ya kaboni!

Es'kia Mphahlele, aliyeihama Afrika Kusini 1957 akarejea 1977, ni jirani zaidi kwa Wakenya. Kati ya 1963 na 1966 aliishi Nairobi, akakiongoza kituo cha Chemchemi na kufundisha chuo kikuu. Barua zake zilichapishwa 1984. Toleo lililopanuliwa la 2010 liliongeza hata zile alizoandikiwa, na hilo ni jambo la busara, kwani kumsikia msemaji mmoja tu katika mazungumzo ya watu wawili hupotosha.

Lipo pingamizi lisilopaswa kupuuzwa: barua ni siri ya watu wawili. Hata hivyo, barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002, na heshima ya mshairi huyo haikupungua hata chembe. Linalotakiwa ni idhini, na pale inapobidi, barua zihifadhiwe bila kufunguliwa kwa muda ambao wenyewe watautaja.

Abdilatif Abdalla alitoka gerezani 1972, akaishi Dar es Salaam, London na Leipzig. Micere Mugo na Ngũgĩ wa Thiong'o waliingia uhamishoni 1982. Mugo alifariki 2023, Ngũgĩ 2025. Waliokuwa wakiandikiana na kizazi hicho ni wazee sasa. Idara za Kiswahili zinazowatuma wanafunzi nyanjani kukusanya methali na nyimbo zingeweza kuwatuma pia kwa wazee hao, wakabishe hodi na kuuliza kwa adabu kama yapo makasha ya barua, na kama wenyewe wangeridhia zinakiliwe kabla wino haujafifia.